Mifumo Miwili Ndani ya Kompyuta Moja



Kompyuta moja ya nyumbani yaweza kubeba mifumo endeshi miwili, kwa mfano Windows na Ubuntu. Diski kuu hugawanywa, na kila tukiwasha mashine hutokea orodha ya kuchagua mfumo tunaoutaka. Kabla ya kugawa, tunakili mafaili ya wazazi kwenye diski ya nje, kwani kosa dogo hapo laweza kufuta yote.

Linalosahauliwa na wengi ni saa. Kwa kawaida Ubuntu huweka ndani ya mashine saa ya dunia, iitwayo UTC, ilhali Windows huidhania kuwa saa ya hapa petu. Sisi Afrika Mashariki tumeitangulia UTC kwa saa 3. Basi tukitoka Ubuntu na kuingia Windows, hasa pasipo na intaneti, saa hurudi nyuma kwa saa 3, na programu ya adhana huadhini Adhuhuri wakati Alasiri imekaribia! Dawa yake ni kurudi Ubuntu, kufungua dirisha la amri na kuandika:

timedatectl set-local-rtc 1

Ubuntu itaomba neno la siri. Kisha tuingie Windows, tuilinganishe saa na ya msikitini.