Barua pepe moja inapofika mara tatu

Ndugu viongozi wa kamati, na ninyi jamaa mliohama, siku moja tulipokea ujumbe wa kamati fulani: jamaa 40 zimefika kijijini usiku. Ujumbe uliingia mara tatu katika kompyuta yetu, na aliyeandika orodha akahesabu jamaa 120. Tulipopiga simu kosa lilionekana, lakini watu walikuwa wameshaanza kusema kwamba kamati inaongeza hesabu ili ipate misaada. Kamati haikuwa na kosa lolote.

Jambo la kwanza ni kufungua sanduku lenu moja kwa moja kwenye intaneti, bila kutumia programu ya barua iliyo katika kompyuta. Hapo mtaona kilicho kwenye seva, yaani mashine inayotunza barua zenu. Mkikuta nakala moja tu, barua ilifika mara moja na kompyuta yenu ndiyo inayoirudia. Mkikuta mbili, tafuteni upande wa kutuma.

Baadhi ya programu huchukua barua kwa njia iitwayo POP3. Zikiachwa kwenye seva, programu hukumbuka namba za zile ilizokwisha kuchukua. Kumbukumbu hiyo ikiharibika, ao seva ikibadilisha namba, zote zinachukuliwa upya. Tena, hata ikiambiwa kufuta, seva haifuti mpaka programu iage. Mtandao ukikatika kabla ya kuaga, barua zinabaki. Na mtandao wetu tunaujua! Pengine sababu ni ndogo tu: anwani moja imeandikishwa mara mbili katika programu.

Upande wa kutuma ni hivi: seva imepokea barua, lakini mtandao unakatika kabla jibu lake halijarudi. Programu inadhani barua haijafika, inaituma tena. Mafundi waliliandika tatizo hili tangu 1988.

Msifute kwa haraka. Fungueni maelezo kamili ya kila barua, mlinganishe mstari wa Message-ID. Ukiwa sawa, ni barua moja. Ukiwa tofauti, huenda mtu alibonyeza mara mbili, ao ni vikundi viwili vya watu waliofika kweli. Pigeni simu kwanza.

Sasa tunaomba kila kamati iandike namba na tarehe juu ya ripoti yake. Ripoti ya 7 ikija mara tatu, jamaa ni zile zile 40.