SOMO LA KOMPYUTA: KUONDOA PROGRAMU USIZOZIHITAJI

Kwa wakazi wa Lobule, Rhino Camp na Imvepi



Siku hizi laptopu zinaingia katika makazi yetu kwa njia nyingi. Kuna zinazonunuliwa mjini Arua au Koboko, kuna zinazotumwa na jamaa walio ng'ambo, na kuna zinazoletwa kwa ajili ya shule na vikundi. Ukiwasha mashine mpya kwa mara ya kwanza utakuta michezo, matangazo na programu ambazo hukuziomba. Somo hili linakufundisha kuziondoa bila kuharibu kompyuta. Linahusu kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11.

KWA NINI ZIMO NDANI?

Makampuni ya programu huwalipa watengenezaji wa kompyuta ili programu zao ziwekwe kabla mashine haijauzwa. Nyingine ni za majaribio: hufanya kazi bure kwa muda, mara nyingi siku 30, kisha huanza kudai malipo kila unapowasha mashine. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Programu isiyoshika jembe, yaani isiyokufanyia kazi, haina sababu ya kukaa.

HASARA ZAKE

1. Zinakula bando. Programu nyingine hutumia intaneti kimyakimya hata kama huzifungui. Mwezi Julai 2021 Serikali ya Uganda iliweka ushuru wa asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Kwa hiyo kila kipande cha bando kinachopotea ni fedha ya nyumbani.

2. Zinakula umeme. Mashine yenye kazi nyingi humaliza betri haraka. Anayechaji kwa sola analijua tatizo hili.

3. Zinaweza kuhatarisha siri zako. Mwezi Februari 2015 ilitangazwa kwamba baadhi ya laptopu za kampuni ya Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu iitwayo Superfish. Kazi yake ilikuwa kuingiza matangazo katika kurasa za intaneti. Lakini ilijiweka katikati ya mtumiaji na kurasa zenye kufuli, hata za benki, na mwizi mwenye ujuzi angeweza kuitumia nafasi hiyo. Kuondoa programu peke yake hakukutosha, kwa sababu cheti chake kilibaki ndani. Kampuni ililazimika kutoa programu maalumu ya kuifuta yote.

KABLA YA KUANZA

• Uliza kwanza mashine ni ya nani. Kama ni ya shule, kituo au kikundi, usiondoe chochote bila ruhusa ya msimamizi.
• Nakili faili zako muhimu kwenye flashi: picha za vyeti, barua, daftari la akiba la kikundi.
• Hakikisha betri imejaa. Mashine ikizimika katikati ya kazi, programu inaweza kubaki nusu.
• Bofya alama ya Windows, andika "Create a restore point", kisha ufungue ukurasa huo. Kama ulinzi wa diski ya C umezimwa, uwashe kwa kubofya "Configure". Halafu bofya "Create" na uandike tarehe ya leo. Hapo umeweka alama ya njia. Ukikosea, utaweza kuirudisha Windows ilivyokuwa. Lakini alama hii hailindi faili zako. Ndiyo maana tumeanza na flashi.

HATUA ZA KUONDOA

1. Bofya alama ya Windows, kisha "Settings".
2. Bofya "Apps". Katika Windows 11 chagua "Installed apps"; katika Windows 10 chagua "Apps & features". Utaona orodha ya programu zote.
3. Soma orodha taratibu. Andika kwenye karatasi majina ya zile usizozihitaji.
4. Chukua moja tu. Katika Windows 11 bofya nukta tatu zilizo kando ya jina. Katika Windows 10 bofya jina lenyewe. Kisha bofya "Uninstall" na ukubali.
5. Subiri imalize. Ikikushawishi ubaki nayo au ununue, kataa.
6. Zima na uwashe kompyuta. Kama inafanya kazi vizuri, endelea na ya pili.

Kama neno "Uninstall" limefifia na halibofyeki, iache programu hiyo.

USIZIGUSE HIZI

Majina mengine ni mageni lakini yana kazi. Usiondoe programu zenye majina Intel, AMD au Realtek. Nyingi huendesha sauti, picha na mtandao. Usiondoe Microsoft Visual C++, kwa kuwa programu nyingine zinaitegemea. Kama hulijui jina, uliza kwanza anayejua. Programu ya ziada ikibaki mwezi mmoja haiui mashine, lakini kuondoa isiyofaa kuondolewa kunaweza kukugharimu safari ya kwa fundi mjini.

Na programu ya kuzuia virusi ya majaribio? Muda wake ukiisha na huna mpango wa kulipa, iondoe. Windows ina kinga yake yenyewe. Fungua "Windows Security" uhakikishe imewaka.

KULINDA BANDO

Katika "Settings" tafuta "Data usage". Ukurasa huo unaonyesha kila programu imetumia bando kiasi gani. Pia, unapotumia intaneti ya simu, fungua jina la mtandao huo katika "Wi-Fi" na uwashe "Metered connection". Windows itapunguza kupakua vitu vikubwa. Ukifika kwenye kituo chenye intaneti ya bure, izime ili mashine ipate marekebisho yake ya usalama.

JIHADHARI

Usipakue programu zinazoahidi "kusafisha" au "kuongeza kasi" ya kompyuta. Nyingi huleta mzigo uleule unaoutoa. Na tangazo likitokea kwenye skrini likisema piga simu hii, kompyuta yako ina virusi, usipige, usilipe, wala usitoe neno la siri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunaondoa programu moja moja na si zote kwa pamoja?
2. Katika kompyuta ya kikundi chenu, nani ana ruhusa ya kuondoa programu?
3. Fungueni "Data usage". Ni programu gani iliyokula bando kuliko zote, na je, mnaihitaji?