Msaada Hujenga, Matunzo Hudumisha

Kikundi cha kijiji hapa Unguja kikipata fedha za shirika la hisani, mara nyingi hushangilia kana kwamba kazi imekwisha. Yafaa tujifunze kwa jengo moja la Mji Mkongwe.

Pale Mizingani, mkabala wa bandari, ipo Zahanati ya Kale. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri aliyetaka maskini wapate hospitali. Alifariki mwaka 1891, kabla ya jengo kukamilika. Baadaye wagonjwa walitibiwa humo miaka mingi; kisha jengo likakosa matunzo, likachakaa vibaya. Katika miaka ya 1990 Shirika la Utamaduni la Aga Khan lilitoa fedha likatengenezwa upya.

Basi ukarimu ulilazimika kuja mara mbili. Lakini ni vijiji vingapi vitakavyompata mfadhili wa pili?

Bwana wetu alifundisha kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama (Lk. 14:28). Gharama ya pampu ya maji si bei yake tu. Ni fundi na vipuri pia. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi barua ya maombi, wanachama na wajibu: Nani atashika ufunguo? Nani atasoma hesabu mbele ya wote? Kila nyumba itatoa kiasi gani kwa mwezi?

Wasio na majibu, twawasihi wasiombe kwanza. Kilichotolewa kwa ajili ya wote hakina budi kutunzwa na wote.