Seva ya Gemu Nyumbani Ikianza Kuganda

Saa mbili usiku ndiyo saa ya lawama nyumbani kwangu Tabata. Mchana kutwa seva ya Minecraft iliyo chini ya meza inateleza bila shida. Jua likizama, wapwa wangu na marafiki zao wakishaingia, simu zinaanza: "Mjomba, linaganda tena!" Mmoja amevunja bloku, bloku imejirudisha. Mwingine alikuwa anamkimbia zombi, akashtukia amevutwa nyuma hatua kumi na zombi yuko mbele yake.

Nikafanya kosa wanalolifanya wenye seva wengi: nikapandisha kifurushi cha intaneti kutoka Mbps 20 hadi 50. Bili ikapanda, lawama zikabaki palepale. Ndipo nikaacha kubahatisha nikaanza kupima. Mpangilio nilioufuata ndio huu, na ni vizuri uufuate kwa mfululizo huuhuu, kwa sababu kila hatua inamwondoa mshukiwa mmoja. Mifano ni ya Minecraft toleo la Java, ila kuanzia hatua ya pili mambo ni yaleyale kwa gemu lolote unaloliendesha nyumbani. Sharti ni moja tu: usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimeponya.

Hatua ya kwanza: iulize kompyuta

Wachezaji wakikwama, wote husema ni mtandao. Mara nyingi wanausingizia. Dunia ya Minecraft hupiga mapigo 20 kila sekunde, na ndani ya kila pigo seva ina milisekunde 50 za kumaliza kazi yote: kuku watembee, maji yatiririke, ngano ikue, mishale itue. Kompyuta ikihitaji milisekunde 80, dunia inapunguza mwendo kwa kila aliyemo, awe Mwanza au chumba cha pili.

Kwenye dirisha la seva, andika `/tick query` kama unatumia toleo la 1.20.3 au la baadaye. Wanaotumia programu ya seva ya Paper wanayo pia `/mspt`. Utapewa wastani wa muda wa kila pigo. Ukiwa chini ya 50, na huoni ule ujumbe unaoanza na "Can't keep up!", kompyuta haina hatia. Nenda hatua ya pili.

Ukizidi 50, fungua faili la server.properties na ushushe `view-distance` kutoka 10 hadi 6. Tarakimu hii ni ndogo kwa macho lakini hesabu yake ni kubwa: kwa 10, kila mchezaji anazungukwa na vipande 441 vya dunia, kwa 6 vinabaki 169. Seva inapata nafuu, na data inayosafirishwa inapungua vilevile, kwa hiyo hata mwenye kompyuta nzuri hapotezi kitu kwa kujaribu. Shusha na `simulation-distance` hadi 5 au 6. Kazi kubwa ya gemu hili hufanywa na kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo mashine ya zamani yenye viini vingi vya polepole haitakusaidia sana. Kuimwagia RAM yote uliyonayo pia si dawa. Kwa watu wachache, GB 4 zinatosha.

Hatua ya pili: pima njia kipande kwa kipande

Kutoka kwenye seva hadi kwa mchezaji kuna vipande vitatu vya njia: kompyuta hadi ruta, ruta hadi kwa mtoa huduma, kisha dunia ya nje. Kila kimoja kina namna yake ya kuugua.

Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, utafute anwani ya ruta yako, iliyoandikwa kando ya maneno Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika `ping -t` ikifuatiwa na anwani hiyo, uache iende dakika tano. Kwa waya, majibu yanapaswa kuwa chini ya milisekunde 1 au hapohapo. Kwa Wi-Fi nzuri yatacheza kati ya 2 na 5. Ukiona 3, 4, 180, 3, 95, tatizo limo ndani ya nyumba yako, na hata ungemhonga mtoa huduma kifurushi kikubwa kuliko vyote asingeliondoa.

Fungua dirisha la pili upime 1.1.1.1, ambayo iko nje ya nyumba. Andika majibu kwenye karatasi, mara moja saa nane mchana na mara moja saa mbili usiku. Usiangalie wastani peke yake. Gemu linavumilia milisekunde 90 zilizotulia kuliko 20 zinazoruka hadi 300 kila baada ya muda mfupi.

Hatua ya tatu: itoe seva kwenye Wi-Fi

Hapa sina mjadala. Vifaa vya wachezaji vibaki kwenye Wi-Fi, televisheni ibaki, seva ipate waya. Kwenye Wi-Fi vifaa vya chaneli moja hupokezana kusema, na pakiti ya gemu husubiri zamu nyuma ya simu ya jirani inayotazama video. Katika masafa ya GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na kwenye nyumba zilizobanana utakuta zote zina wenyewe. Ukuta wa zege nao unachukua chake.

Waya wa Cat5e hubeba Gbps 1 hadi mita 100. Ukienda kununua, uliza kama ni shaba tupu. Zipo za bei poa ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba, hizo hukatika kwenye viungio. Kama kutoboa ukuta haiwezekani, mwenye nyumba hataki, basi tumia GHz 5 na seva ikae chumba kimoja na ruta.

Hatua ya nne: itafute foleni

Hatua hii ndiyo iliyonitoa mimi kwenye lawama, na ndiyo ambayo wengi huiruka.

Tunaponunua intaneti tunatazama kasi ya kupakua. Mwenye seva yuko upande wa pili wa kaunta: yeye ndiye anayetuma. Kila mchezaji anayeingia anatumiwa dunia kutoka nyumbani kwako, na njia ya kupakia kwa vifurushi vingi ni nyembamba kuliko ya kupakua. Kifurushi changu kilipopanda kutoka 20 hadi 50, kupakia kulibaki Mbps 5 zilezile. Nililipia barabara ya kuingilia ilhali msongamano ulikuwa wa kutokea.

Jaribio lake ni rahisi. Anzisha `ping -t 1.1.1.1`, iache itulie, kisha kutoka simu yoyote ya nyumbani pandisha video ndefu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tazama namba. Zikitoka 15 zikafika 400, umeshampata mhalifu.

Kinachotokea ni hiki. Njia ya kutoka ikijaa, modemu au ruta haizitupi pakiti zilizozidi. Inazipanga kwenye kumbukumbu yake zisubiri. Video haioni taabu, itafika tu. Lakini pakiti ndogo ya gemu inayosema "amevunja bloku" nayo inawekwa mkiani mwa foleni hiyohiyo, nyuma ya mamia ya pakiti za video, na ikitoka zombi keshamla mtu. Kibaya zaidi, kifaa kinachotuma hupunguza kasi pale pakiti zinapopotea. Ruta inapozificha kwenye foleni badala ya kuzitupa chache, hakuna anayepewa habari kwamba barabara imejaa. Jim Gettys, mmoja wa waliobuni mfumo wa madirisha wa X, aliuchunguza ugonjwa huu mwaka 2010 kwenye mtandao wa nyumbani kwake mwenyewe, na jina la bufferbloat likauganda. Miaka miwili baadaye wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, njia ya kuisimamia foleni kwa kutazama pakiti imesubiri muda gani, si foleni ina urefu gani. Mzao wake, fq_codel, huzipanga safari katika mistari tofauti ili ndogo zisikwame nyuma ya kubwa.

Dawa ipo kwenye ruta zenye mfumo huria wa OpenWrt, kwa jina la SQM. Pima kasi yako ya kupakia saa ya msongamano, si alfajiri. Kisha weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya ulichopata: ukipata Mbps 5, weka 4.3. Chagua fq_codel au ndugu yake, cake. Kupunguza kasi ili upate kasi kunaonekana kichekesho, lakini maana yake ni kwamba foleni haitajengeka tena kwenye modemu ya mtoa huduma, usikokuwa na mamlaka. Itajengeka kwenye ruta yako, yenye akili ya kuipanga. Rudia jaribio la video. Namba zisipotulia, shusha kidogo tena.

Anayetumia ruta ya 4G ana kazi zaidi, kwa sababu kasi ya mnara hubadilika kadiri watu wanavyoongezeka. Aweke kikomo kwa kipimo kibaya cha jioni, akubali kupoteza kidogo mchana.

Ruta isipokuwa na SQM, tafuta sehemu ya kugawa kasi kwa kila kifaa, ubane kupakia kwa vile visivyo na haraka. Neno "gaming" lililochorwa kwa moto kwenye boksi la ruta lisikufanye ufungue pochi. Uliza kama ina SQM au inakubali OpenWrt.

Kisha msake anayepakia. Nilidhani ni watoto na TikTok. Zilikuwa kamera mbili za getini. Zilirekodi kila kilichojongea na kupeleka video mtandaoni, na saa mbili usiku ndipo mtaa mzima unapita mbele ya geti langu kurudi nyumbani. Simu zetu nazo, zikiikuta Wi-Fi ya nyumbani, zilianza kuhifadhi picha za siku nzima saa ileile. Kamera nikazielekeza kuhifadhi kwenye kadi, picha zikasubiri usiku wa manane.

Hatua ya tano: kagua mlango na njia ya nje

Ipe kompyuta ya seva anwani isiyobadilika ndani ya ruta, kisha uielekezee poti 25565 ya TCP. Toleo la Bedrock hutumia 19132 ya UDP.

Kama watu wa nje hawaingii kabisa, soma anwani ya WAN kwenye ukurasa wa ruta, uilinganishe na ile tovuti za kupima IP zinayokuonyesha. Zikitofautiana, na ya WAN ikaanza na 10 au ikawa kati ya 100.64 na 100.127, umewekwa nyuma ya anwani moja inayotumiwa na wateja wengi. Hakuna mpangilio wa ruta utakaoufungua mlango huo. Muulize mtoa huduma bei ya anwani ya umma.

Wengi hukimbilia huduma za bure zinazopitisha seva kwa kituo cha kati. Zinafanya kazi, lakini uliza kituo kiko wapi. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kituo kikiwa Frankfurt, ambako kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 6,000 hata kwa mstari ulionyooka, kila safari ya upande mmoja hula si chini ya milisekunde 30. Mpwa wa Mwanza akibonyeza kitufe, amri inapanda Ulaya, inashuka Tabata, jibu linapanda Ulaya, linashuka Mwanza. Safari nne, milisekunde 120, kabla hujahesabu ruta za njiani wala kwamba nyaya hazinyooki. Ukiona kila mchezaji yuko juu ya 200 na nyumbani kwako kote kumetulia, chunguza hapo kwanza.

Unaweza pia kukuta safari ya Dar kwenda Mwanza au Nairobi inazunguka nje bila kituo chochote. Andika `tracert` ikifuatiwa na anwani ya umma ya mchezaji, kwa ridhaa yake, usome majina ya vituo. Watoa huduma wanaokutana kwenye kituo cha makutano, TIX ya Dar es Salaam au KIXP ya Nairobi, hubadilishana mizigo hapahapa. Ikipita Ulaya, piga simu huduma kwa wateja ukiwa na matokeo mkononi. Malalamiko yenye namba hupandishwa kwa fundi upesi.

Kuna siku hata hilo halisaidii. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Afrika Mashariki ikasuasua. Siku kama hiyo cheza na walio ndani ya nyumba.

Hatua ya sita: rudi saa ileile

Pima tena saa mbili usiku, kwa karatasi ileile. Mmoja akilalamika peke yake huku wengine wametulia, mwambie apime kwake kutoka kifaa chake hadi ruta. Ruta na modemu zipate UPS ndogo, kwani umeme ukipepesa sekunde moja tu, ruta hujiwasha upya na wote wanatupwa nje kwa dakika kadhaa.

Kwangu karatasi sasa inasoma 14 mchana na 22 usiku. Mwezi uliofuata nilirudi kwenye kifurushi cha Mbps 20.