Nani atanifundisha kuunda fremu ya baiskeli?

Swali: Niko Dar es Salaam na natamani kuunda fremu ya baiskeli mwenyewe. Mafundi baiskeli wananiambia wao hurekebisha tu. Nimwendee nani?

Jibu: Mwendee anayeunda baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu. Huyo hukata mabomba, huyakunja, na anajua kuyabana yasipinde yakipata moto. Mwulizie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo.

Kabla ya kupatana malipo, mwombe aunge mbele yako vipande viwili vya bomba la chuma lenye unene wa milimita 1 hivi. Hapo ndipo mafundi wengi wa mageti hukwama: umeme wa kuchomelea hutoboa bomba jembamba. Mimi ningemchagua anayeunga kwa gesi na shaba ya manjano, kwani shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, chuma kikiwa bado mbali na kuyeyuka. Akitaka kutumia bomba la maji lenye zinki, kataa kabisa. Moshi wake unadhuru.

Mwulize pia anapimaje unyoofu. Anayejua atakuonyesha uzi: unatoka upande mmoja wa ekseli ya nyuma, unazunguka bomba la usukani, unarudi upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti lazima ilingane pande zote mbili.