Homa Kali na Ugonjwa wa Akili

Kila mtu ajua kwamba homa kali huweza kumfanya mgonjwa aweweseke, na mara nyingi hali hiyo huondoka homa ishukapo. Leo twataka kueleza jambo jingine, lisilojulikana na wengi. Yuko mgonjwa ambaye homa humwacha, akala, akatembea, kisha baada ya majuma au miezi akili yake ikaharibika. Hapo jamaa zake huanza kumtafuta mchawi, wala hawaikumbuki ile homa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1918 mafua makuu yalienea duniani, na huku Afrika ya Mashariki pia yaliua watu wengi sana. Katika mji wa Boston, Marekani, dakitari kijana aitwaye Karl Menninger aliwachungua watu walioshikwa na wazimu baada ya mafua hayo, akaandika habari zao mwaka 1919. Wako ambao jamaa zao wangaliweza kuwahesabu kuwa wamepotea kabisa. Lakini alipowafuatia tena miaka mitano baadaye, aliona kwamba wengi katika wale aliowapata walikuwa wamepona. Sisi twaiona habari hii kuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Ugonjwa wa korona ulipokuja, wataalamu wa Oxford, Uingereza, walitazama habari za wagonjwa 236,379, wengi wao wa Marekani, wakazitangaza mwaka 2021. Katika miezi 6, watu 34 hivi katika kila 100 waliandikiwa ugonjwa wa akili au wa neva. Katika wale waliolazwa chumba cha mahututi, 46. Msomaji asidhani kwamba wote hao waliingia wazimu: wengi walishikwa na wasiwasi au huzuni, na wengine walikuwa na maradhi hayo tangu zamani. Hata hivyo waliwazidi wale waliougua mafua.

Sababu yake si moja. Mwili upiganapo na virusi, vita hivyo huweza kuudhuru ubongo na mishipa yake ya damu. Mapafu yakishindwa kazi, ubongo hukosa hewa. Tena mtu aliyelala siku nyingi akingoja kufa, hofu haimtoki kwa kuruhusiwa tu kwenda nyumbani.

Basi mtu wa namna hiyo akikosa usingizi, akijitenga, au akinena na wasioonekana, apelekwe hospitali mapema. Kumfunga kamba hakumponyi. Na anayempeleka amweleze dakitari habari za ile homa, ilianza lini na ilichukua siku ngapi, maana mgonjwa mwenyewe huenda asiikumbuke.