Usiuze Shamba kwa Sababu ya Viza

Wadogo zangu wa Burnt Forest, mnaniuliza sana: “Dada, viza ya kazi naipata wapi?” Mimi nawauliza: kazi hiyo itakupa ukazi wa kudumu, au itakutumia kisha ikurudishe?

Ukienda Saudia kuwa yaya au mlinzi, nenda kwa mshahara tu. Hata ukae miaka 10, mkataba ukiisha unafungasha.

Uingereza ilifungulia watunzaji wa wazee mwaka 2022. Machi 2024 ikawakataza kuja na mume, mke au watoto. Julai 2025 ikaacha kuwachukua wapya kutoka nje. Kwa hiyo anayekuuzia kozi ya utunzaji leo kwa ahadi ya London, mwulize anakupitishia mlango gani. Muuguzi aliyesajiliwa bado ana njia.

Kanada nayo, tangu 2023, huita watu kulingana na kazi: wauguzi, mafundi wa umeme, wa mabomba, wachomeleaji. Madereva wa lori walikuwemo, 2025 wakaondolewa. Ujerumani ilitia saini makubaliano na Kenya Septemba 2024. Fundi ambaye cheti chake kimetambuliwa kule anaweza kuomba ukazi baada ya miaka 3 ya kazi, mradi Kijerumani chake kimefika B1.

Kwangu mimi, anayemwogesha mzee wa watu saa nane usiku anastahili ukazi sawa na injinia. Lakini orodha za kazi wanaziandika wao wenye nchi, kwa upungufu wao na siasa zao, na huzibadilisha bila kutupigia simu.

Kwa hiyo wewe unayechomelea mageti kando ya barabara ya Nakuru, mkono wako ni mzuri ila hauna karatasi. Nenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ufanye mtihani wa gredi. Mwombe bosi barua inayotaja kazi na miezi uliyofanya. Anza lugha sasa, si baada ya kupata “koneksheni”.

Na pesa? Uasin Gishu tumeshaona wazazi wakiandamana Eldoret 2023, wakidai walizolipia watoto kwenda Finland na Kanada. Wakala yeyote, hakikisha kwanza amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Akisema lipa leo nafasi zinaisha, mwambie zikiisha ziishe. Kujiandikisha kwenye mfumo wa Kanada wenyewe ni bure.

Baba akitaja kuuza ekari moja, mwonyesheni kwanza gredi yenu na jina la kazi kwenye orodha ya mwaka huu. Moja ikikosekana, ekari ibaki na viazi vyake.